Msichana Aliyebaki Ndivani

Bibi yangu wa Suji alikuwa na hadithi moja ambayo hakuisimulia nyumbani hata umpigie magoti. Za sungura na fisi alizitoa jikoni bila kuombwa, huku akichagua maharage ya makande. Hiyo nyingine ilikuwa ya mferejini tu, tena siku ya zamu yetu ya maji.

Kwa asiyekulia milimani nieleze kidogo. Juu ya mashamba yetu kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo wazee walilichimba kukinga maji ya kijito. Hujaa usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na kila ukoo una siku yake ya kumwagilia. Shamba letu lilikuwa chini kabisa, kwa hiyo tulingoja sana. Sisi wajukuu tulikaa ukingoni na majembe yetu, na bibi aliokota jani kavu akaliweka katikati ya mfereji mkavu.

"Jani hili likisogea, nimenyamaza," alisema. Ndivyo hadithi ilivyoanza kila mara.

Ndiva ya kijiji fulani ilivuja, ikazibwa, ikavuja tena. Mganga akasema mwenye maji anataka msichana. Akachaguliwa yatima, maana hakuwa na baba wa kumbishia mganga. Akapakwa mafuta, akavishwa shanga, akapewa kibuyu na kuambiwa akateke maji ya katikati. Hapo bibi aliimba kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, polepole, na kwa kila ubeti maji yalipanda: magotini, kiunoni, kifuani. Tuliitikia kwa sauti ndogo kwa sababu tuliogopa. Msichana anafika maji ya shingo, anageuka kuwatazama watu waliosimama ukingoni, anafungua mdomo aseme neno, na jani linasogea.

Basi, imekwisha hiyo. Kila mtu anashika jembe, maana ukizubaa maji yanakata ukingo na kuishia kwa jirani, na hapo utasikia maneno mpaka mavuno. Zamu iliyofuata tulimwomba aanzie pale shingoni, akakataa katakata. Hadithi haianzwi katikati, alisema, akarudi kwenye ndiva inayovuja. Mimi nilikuwa mtoto wa hasira za karibu, na nilimnunia. Mpaka leo nadhani alikuwa anaurefusha ule wimbo makusudi.

Kila mjukuu alijitengenezea mwisho wake. Kaka yangu alisema msichana kamezwa na chatu, na alilisema hilo kwa furaha kabisa. Dada, aliyekuwa anajiandaa na kipaimara, alimletea malaika. Mimi sikuridhika na chatu wala malaika. Nilitaka kujua ni neno gani lile alilotaka kusema.

Nilipopelekwa sekondari Same, kule chini kwenye joto na vumbi, nilikuta kabati la maktaba lina riwaya za vijana zilizoletwa na wageni. Zilikuwa za Kiingereza, nikazisoma na kamusi pajani, jasho likinitiririka. Zote zilichukua ngano za zamani za huko kwao na kuzipindua. Binti wa mfalme aliyepaswa kuokolewa anajiokoa mwenyewe. Mama wa kambo anapewa nafasi ya kujieleza, na unajikuta unamwelewa. Joka lina madai yake ya msingi kabisa. Nilizipenda mno riwaya zile, hata zilizokosa kurasa za mwisho, ambazo kwa kweli ndizo nilizozizoea tangu mferejini. Kumbe mtu anaruhusiwa, niliwaza. Kumbe unaweza kuingia kwenye hadithi ya watu wazima ukahamisha viti.

Sasa mimi ni mwalimu hapohapo Same, na pia naandika riwaya za vijana. Ya karibuni ni ya msichana wa ndivani. Wangu anafika maji ya shingo, anasikia kwa unyayo mahali maji yanapovutwa, anatambua kwamba ni shimo lililochimbwa na kaa. Anageuka na kuwaambia watu wazima wote pale ukingoni, "Leteni udongo." Nililipenda hilo neno. Niliona nimeipindua hadithi ya bibi barabara.

Kabla haijachapwa niliwasomea wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, sawa, umeigeuza. Ila ile ya zamani yenyewe iliishaje?"

Nilikuwa nimejisifu kwa kugeuza kitu nisichokijua. Na bibi mwaka huo alikuwa ameanza kunichanganya na mama yangu, na kuuliza kama amekula wakati sahani bado iko mkononi. Ikiwa mwisho ule uko mahali, uko kichwani mwake, na kichwa kile kilikuwa kinafunga mlango mmoja mmoja. Niliogopa kweli. Jumamosi ileile nikashukia Makanya, nikachukua bodaboda kupanda Suji, mswada wangu begani.

Nilimkuta uani anaota jua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

Nilikuwa nimekula, na hata hivyo nililetewa makande. Nilipomaliza nikamuuliza. "Bibi, yule msichana wa ndivani. Iliishaje?"

Alinitazama kitambo, nikadhani nimechelewa. Kisha akaanza kuimba. Hakukosa hata neno. Magotini, kiunoni, kifuani, shingoni, na hapo akanyamaza. Hapakuwa na jani wala mfereji, na sisi wawili hatukuwa na haraka ya popote.

"Endelea, bibi."

"Mwisho wangu ni hapo."

"Hapo kivipi?"

"Nami nilisimuliwa mferejini, na mama yangu. Maji yalikuwa yanafika." Alijifuta mdomo kwa kanga. "Nilisema nikikua nitamuuliza. Nikaolewa, nikawa na zamu zangu."

Nilitaka kucheka na machozi yakawa yananilenga. Miaka yote nilidhani ananinyima kitu.

"Wewe si umeandika?" akasema. "Yako inaishaje?"

Nikatoa mswada, nikamsomea kwa Kiswahili, nikimtafsiria kwa Chasu pale alipokunja uso. Alisikiliza amefumba macho. Msichana akasema neno lake, watu wakaingia majini na udongo, shimo likazibwa, wakaimba ukingoni. Hapo ndipo kitabu kilipoishia, na niliona ni mwisho mzuri.

"Anatoka majini?" bibi akauliza.

"Anatoka."

"Anarudi nyumbani?"

Hilo sikuwa nimeliandika. "Anarudi, bibi."

"Anakula?"

"Anakula. Makande."

Alishusha pumzi ndefu, akafumbua macho. "Basi afadhali. Nimemwonea huruma mtoto yule tangu nikiwa binti. Amesimama kwenye baridi ile miaka yote, na hakuna aliyerudi kumtoa."

Nikatoa penseli, nikaandika ukurasa wa makande palepale uani, naye akinitazama mpaka nilipoweka nukta.