Mkono wa Sista

Ukisalimiwa na sista wa mashine za kusafisha damu, hapo hospitali ya Makadara, usitarajie kurudishiwa mkono wako upesi. Vidole vyake huteleza hadi penye mshipa wa mapigo, vikatulia hapo huku akikuuliza habari za wajukuu. Leo Mzee Wanyonyi alikiri kwamba jana matangani alifakamia sahani nzima ya ndizi.

"Nitilie maji makali kwenye mashine, Sista, yanisafishe haraka."

"Ndizi zimekujaza potasiamu, Mzee. Maji ya mashine yakiivuta kwa pupa, moyo hujikwaa." Akamwekea ya upole, ingawa yangechukua muda mrefu zaidi.

"Lakini zamu yako si imekwisha?"

"Imekwisha." Akavuta kiti, akamshika mkono. "Wajukuu hawajambo?"

Mzee akaanza kuwataja mmoja mmoja, polepole, Sista asije akauachia mkono wake.