Mluzi Wangu Kwenye Maonyesho

Mimi na jirani yangu wa Mkonze tulichukua watoto wawili wa mbwa wa tumbo moja, spanieli, mbwa wa kuwindia ndege. Tuliwafundisha pamoja, kwa mluzi mmoja. Wake alishika haraka. Wangu alikimbiza mijusi tu, na wivu ukanikaa rohoni.

Siku ya maonyesho ya mbwa, mbwa wake alikuwa anamrudishia kwale aliyembeba mdomoni, watu wakishangilia. Nikapiga mluzi wetu ule ule. Akamwangusha kwale, akanikimbilia mimi.

Jirani alikuja kumfunga kamba. “Ndugu yangu,” akasema taratibu, “ungeniambia tu, ningekusaidia kumfundisha wako.”

Nilimwomba msamaha palepale, naye akanisamehe. Hata hivyo, nilipowatazama wakiondoka, bado nilitamani yule mbwa angekuwa wangu.