Samaki wa Kushika Mawe

Nilirudi Mashewa kutoka Uganda nikiwa na diploma ya afya, mtu wa kwanza katika ukoo wetu, na ada nilijilipia mwenyewe kwa kukata mkonge. Nikapata kazi Korogwe. Kila Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilipanda baiskeli kwenda kwa mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba. Alichota maji kwenye chemchemi mlimani, mwendo mrefu, ilhali kijito kilipita nyuma ya nyumba yetu, nyumba ya bati niliyoijenga mimi.

Jumapili tatu nilichunguza maji ya kijito kwenye chupa. Yalikuwa meupe, hayana harufu. Nikamwambia mke wangu asipande tena mlima.

Bibi yangu mzaa baba akakataa.

"Mume wangu," alinitania kama kawaida yake, "umemwona samaki wa mawe hapo?"

"Bibi, mimi nina diploma."

"Basi itie majini, tuone kama itashika jiwe."

Samaki huyo nilimjua tangu utotoni. Hazidi kidole, hana magamba, ana sharubu fupi, na midomo yake imeungana kuwa duara chini ya kichwa. Kwa midomo hiyo hung'ang'ania jiwe kwenye maji ya kasi, akikwangua vijidudu. Nilipindua mawe nyuma ya nyumba mpaka mgongo ukauma. Hakuna. Nikapanda hadi juu ya mahali mtaro wa korona, mtambo wa kuchakata mkonge, ulipoingia kijitoni. Jiwe la kwanza tu, wawili.

"Lakini maji ni safi!" nilimwambia Bibi niliporudi.

"Ya leo. Wewe huja Jumapili, korona imelala. Samaki anakaa humo wiki nzima."

Niliomba ruhusa nikaja Jumatano. Kijito kilikuwa cha kijani, kinanuka. Nilichota beseni la maji hayo, nikatia samaki mmoja niliyemtoa juu ya mtaro. Alishika ukuta wa beseni kidogo, akaachia, akaja juu akitweta. Nikambadilishia maji upesi, nikamwekea ya juu ya mtaro. Baada ya muda akaushika ukuta tena.

Nikachimba mfereji kuanzia pale walipokaa samaki hadi mlangoni kwetu, na mteremko niliupima mimi, bila kosa. Mke wangu alichota hapo mpaka akajifungua salama.

Tangu hapo, kila kijito nilichotumwa kukagua, kutoka Lutindi hadi Handeni, nilipindua mawe kabla ya kutoa chupa. Wenzangu walicheka. Hakuna aliyenishinda kwa kupata maji mema.