Nilimsingizia Mzee Aliyenifundisha Kutunza Diski

Mimi ni mwongo, na uongo wangu umemharibia mtu mwingine maisha. Naanza na hilo ili nisije nikajipendelea huko mbele.

Kama wewe una yadi ya zege Jinja au Mbale, na uliwahi kuambiwa kwamba kuna mzee fulani anayelazimisha mashine mpaka diski zinapasuka, basi maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Si kweli. Hayakuwa kweli hata siku moja.

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa darasa la saba, nikabaki na wadogo zangu watatu katika chumba cha kupanga Namatala, hapa Mbale. Sikurudi shule. Niliapa kwamba hawa watatu watasoma, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo. Lakini jamani, mtu anaweza kushika jambo jema kwa nguvu mpaka likamtoa ubinadamu!

Kazi niliyopata ilikuwa kubeba maji. Yadi yetu inatengeneza matofali ya zege ya kutandaza chini na mawe ya kingo za barabara, na mengi hukatwa yakiwa bado machanga, siku mbili tatu tu baada ya kutoka kwenye fomu. Hukatwa kwa msumeno wa meza wenye diski ya almasi. Diski hiyo ikikata bila maji inaungua, ndiyo maana nilihitajika mimi na madumu yangu. Vijana wa pale waliniita Madamu Maji. "Madamu Maji, leo tunakata au tunafua?" Nilizoea.

Mwenye yadi ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini. Sote tunamwita Afande, na kila asubuhi hutupanga mstari kama paredi kabla ya kazi. Yeye si mtu wa huku, mimi ni Mgisu, wengine ni Wasoga na Wateso, kwa hiyo pale kazini tunasemezana kwa Kiswahili, kila mtu na chake.

Shida yetu kubwa ilikuwa diski. Diski ya almasi ni bamba la chuma la duara, na ukingoni pamechomelewa vipande vifupi ambavyo sisi tunaviita meno. Chembe za almasi zimo ndani ya meno hayo. Watu hudhani zege changa ni laini, haiwezi kuisumbua almasi. Wanakosea. Mchanga wake bado haujashikwa vizuri na saruji, ukikata unamwagika na kukwangua kila kitu kama msasa. Meno yalikuwa yanaisha haraka kiasi kwamba Afande alituuliza kwenye paredi, "Nyinyi, hii diski mnakula na chai?"

Mmoja wetu alikuwa anajua sababu.

Nitamwita Mzee Asumani, ingawa si jina lake. Ni Mwislamu wa Jinja, mtu wa suruali fupi juu ya kifundo na maneno machache, ambaye amekata mawe tangu ujana wake. Ndiye aliyekuwa anashika mashine. Kila nilipomwaga maji aliniita nikaona. Hivyo ndivyo nilivyosoma, mimi niliyeachia shule darasa la saba.

Alinionyesha kwamba Afande alikuwa ananunua diski za kukatia granaiti, lile jiwe gumu, kwa kuwa muuzaji alimwambia granaiti ni ngumu kuliko zege, basi diski yake ndiyo imara zaidi. Mzee alicheka. Alisema diski ya granaiti ina chuma laini kinachoshika almasi, ili kiliwe kidogo kidogo na kufunua almasi mpya. Ukiipeleka kwenye zege changa, mchanga unakila chuma hicho upesi na almasi zinadondoka hazijafanya kazi. Kwa vitu vinavyokwangua unataka diski yenye chuma kigumu. Ikilala, yaani ikikataa kukata, unaipitisha mara chache kwenye tofali la kuchoma inaamka.

Kisha akaniambia kuhusu maji. Sisi tulikuwa tunarudisha maji yale yale yenye tope, kwa sababu bomba liko mbali na mabega yangu ndiyo yalikuwa yanaumia. Tope hilo ndilo lilikuwa adui. Akanifundisha kupanga mapipa matatu, maji yapite la kwanza, la pili, la tatu, mchanga ubaki chini, na yanayorudi kwenye diski yawe meupe.

La mwisho alinifundisha kwa ukucha wake. Aliizima mashine, akapitisha ukucha chini kidogo ya meno, pale bamba linapoungana nayo. Akasema hapo ni shingo. Tope hula shingo kabla ya kumaliza meno. Unaweza kuwa na meno marefu kabisa juu ya shingo iliyokonda kama karatasi. "Usihesabu meno," aliniambia. "Ukucha ukizama, diski hiyo imekwisha, hata kama inang'aa."

Nilimwuliza kwa nini hamwambii Afande. Akanijibu kwamba wanawe wamekwisha kuwa na nyumba zao, na mimi nina watatu wanaovaa sare. "Mwambie ni wewe uliyegundua. Wewe ndiye mwenye maji, ataamini."

Nikamwambia Afande ni mimi.

Alinunua diski nilizosema, tukapanga mapipa, na diski zikaanza kukaa. Zilikaa mpaka vijana wakaacha kunitania. Siku moja kwenye paredi Afande alinitoa mbele akasema huyu msichana wa maji amewashinda wanaume wote. Akanifanya supavaiza. Mdogo wangu Khainza, anayenifuata, akaenda bweni. Mzee Asumani alinipongeza kama wengine, kwa mkono, mbele ya watu.

Kiburi hakikuja siku hiyo. Kilikuja taratibu, na kilikuja kupitia diski moja.

Diski hiyo ilikataa kuisha. Zilizonunuliwa pamoja nayo zilishatupwa, yenyewe ikawa bado inakata. Afande akawa anaitembeza hadithi yake mjini. Akaniletea habari kwamba wageni wanakuja, watu wa kandarasi kubwa ya barabara, na wanataka kuona kwa macho yao diski isiyokufa. Alisema kwa furaha kama mtu anayeoa. Nami nilijiona bibi harusi!

Asubuhi ya siku ya wageni Mzee aliizima mashine, akapitisha ukucha, akaniita pembeni. Alisema shingo imekonda, tuitoe.

Niliangalia meno. Yalikuwa bado marefu. Nikamwambia ikate leo tu, wageni wakiondoka tutaibadilisha. Akaniuliza, "Unaniambia kama mwanangu au kama supavaiza?"

Niliona wageni wanateremka kwenye gari getini.

"Kama supavaiza," nikasema.

Aliiacha diski pale pale kwenye mashine. Wageni wakasimama, Afande akaeleza, mashine ikaguruma, na Mzee akalisogeza jiwe la ukingo taratibu kama anavyofanya siku zote. Katikati ya jiwe ikasikika sauti kavu. Jino moja lilikatika shingoni, likapita chini ya kifuniko chetu cha diski kilichofungwa kwa waya, likaingia kwenye mkono wake wa kulia.

Sitaeleza damu. Nitasema tu kwamba mkono ulipona, lakini vidole viwili havikunji tena na ncha zake hazihisi kitu.

Wenzangu wa kazi hii, fikirini hapo. Diski haikudanganya, na kosa halikuwa la mtu aliyeishika. Nilipima maisha ya diski kwa kile kilichoonekana na wageni, nikaacha pale palipokuwa panaliwa.

Lakini hilo si ungamo langu bado. Ungamo langu ni hili linalofuata.

Mzee alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa kwa fulana ya mtu. Wageni wanatazama. Afande akaokota jino, akaligeuza, akauliza, "Nani alifanya hii?"

Nilimfikiria Khainza bwenini. Niliwafikiria wale wawili wadogo. Yote yalipita kichwani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuyaandika, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mzee alisukuma kwa nguvu, Afande. Nilimwambia apunguze."

Mungu wangu! Maneno machache tu.

Afande akamgeukia. Mzee Asumani alinitazama. Hakuonyesha hasira, na hiyo ndiyo sura ninayoamka nayo. Kisha akamwambia Afande, "Ni kweli. Nilisukuma."

Afande alimpeleka hospitali na akamtoa kazini siku hiyo hiyo. Mtu anayeharibu mashine mbele ya wageni hawezi kukaa, alisema. Mzee akarudi Jinja kwa binti yake. Mimi nikabaki supavaiza.

Nilijifariji vipi? Nilijiambia kwamba amenisamehe pale pale. Alijua nina watoto, akaubeba mzigo kwa hiari yake, kama alivyonipa sifa kwa hiari yake. Nilimwombea. Nilijiambia nitamtembelea Krismasi, kisha Idi, kisha shule zikifungwa. Mwaka ukapita hivyo.

Aliyenitoa usingizini ni dereva wa lori kutoka Jinja aliyekuja kuchukua mawe. Tulikuwa tunapakia, akawa anapiga soga. Alisema kule kwao kuna mzee amezunguka yadi mbili akitafuta kazi yoyote, hata ya kulinda, wakamkataa. "Wanasema ndiye yule wa Mbale anayeua diski," akasema, akacheka. Wenzangu nao wakacheka. Mmoja wao akasema, "Muulize Madamu, yeye alikuwepo."

Nilicheka nao. Ndiyo, nilicheka!

Jumapili nilipanda gari kwenda Jinja. Nilimkuta mtaa wa Walukuba, ameketi nje ya mlango wa binti yake akimenya viazi kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na mchele, sukari na maneno niliyoyapanga njiani. Alinikaribisha vizuri. Akawaulizia wadogo zangu mmoja mmoja kwa majina. Binti yake akaleta chai, akaondoka bila kunisalimu, nikajua yeye anajua.

Nikamwambia nimekuja kumshukuru kwa kunisamehe siku ile.

Aliweka kisu chini.

"Nani alikusamehe?" akaniuliza.

Nikatazama mfuko wa mchele.

"Siku ile kulikuwa na wageni," akasema. "Nikaona mtoto ameogopa. Nikasema nimfunike leo, kesho atakwenda kwa Afande mwenyewe, wakiwa wawili. Nilikupa siku moja, mwanangu. Wewe umechukua mwaka."

Akaniambia kwamba alikuwa anaiweka simu karibu, akingoja kupigiwa kutoka yadini. Wiki ya kwanza alikuwa hata msikitini haizimi, anaiacha inatetemeka mfukoni. Halafu akaacha. Aliyasema hayo polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kituo cha magari. Viazi vilipokwisha alinisindikiza mpaka barabarani. Mchele na sukari alimwambia binti yake anirudishie.

Jumatatu nilisimama kwenye paredi nikaomba kusema. Afande alidhani ni mambo ya mapipa. Nikasema yote mbele ya kila mtu: kwamba ujuzi haukuwa wangu, kwamba Mzee alinionya, kwamba nilimlazimisha kama supavaiza na kisha nikamsingizia. Hakuna aliyecheka.

Afande alinisogelea mpaka mbele yangu. Kisha akaniambia, "Piga simu ya Mzee. Weka sauti. Sema tena."

Nilisema tena, kwa simu, huku mstari mzima unasikiliza. Upande wa pili nilisikia tu pumzi, na kuku.

"Nimesikia," Mzee akasema, na simu ikakatika.

Afande hakunifukuza. Alinirudisha kwenye madumu, na nimeyachukua. Khainza ametoka bweni, sasa anasoma shule ya kutwa Nabuyonga, anatembea kwenda na kurudi. Nilimweleza kwa nini. Aliniuliza swali moja tu: kama nilitaja majina yao siku ile nilipodanganya. Nikamwambia niliyataja moyoni. Akasema nisiyataje tena kwa kazi kama hiyo. Ana miaka kumi na sita. Ukweli unauma zaidi ukitoka kwa mtu uliyemlea!

Afande amempelekea Mzee ujumbe arudi, akae karibu na mashine, aseme diski ipi ikate na ipi itupwe. Hajajibu. Hana lazima ya kujibu. Ila Afande hawezi kufika kila yadi nilikomchafulia Mzee jina, ndiyo sababu nimeandika hapa. Ninyi wa Jinja mliomkataa, mjue mlimkataa kwa maneno yangu. Akipita tena getini kwenu, mfungulieni.

Na wewe unayesoma, ambaye kuna mtu aliwahi kukufunika mbele za watu akanyamaza: usimpelekee shukrani, usimpelekee sukari. Nenda kaseme ulichofanya, pale pale ulipokifanyia, wangali wapo waliokusikia. Nenda leo. Huenda bado ameiweka simu karibu.