Paa la Gari Lisilo Lake

Chausiku hana gari na hajawahi kujifunza kuendesha. Ndiyo maana mafundi wa jirani pale Msamvu, Morogoro, walishangaa siku lori la mizigo kutoka Dar liliposimama mbele ya duka lake na kushusha paa la gari. Lilikuwa paa gumu la faiba, jeusi, lenye kioo nyuma, limezungushiwa mablanketi. Aliliegemeza ukutani nyuma ya cherehani, akarudi kwenye kazi yake ya kushona viti vya magari na maturubai. Walipomuuliza la nani, alisema ni lake.

Aliyekuwa analihitaji paa lile ni Idrisa, mtu aliyekuwa mume wake.

Idrisa ni dalali wa viwanja, mwenye maneno laini na mashati yaliyonyooka. Waliishi Bigwa bila ugomvi wa kusimulia. Mama yake Chausiku alipofariki aliwaachia yeye na mdogo wake Nasra shamba la Mkuyuni, na ndani ya shamba mitiki aliyoipanda mwenyewe akiwa na nguvu zake, iwajengee nyumba wanawe. Kwa Waluguru shamba kama hilo ni la upande wa mama. Mume hana neno juu yake.

Kisha Nasra akaugua, Chausiku akaenda Dar kumuuguza. Alikaa hospitali mpaka wauguzi wakamzoea. Aliporudi Bigwa alikuta uani gari dogo jekundu la viti viwili, la kukimbia, aina ile ambayo juu haina bati, ina turubai la kukunja. Idrisa alikuwa analifuta taratibu kama mtu anayemwogesha mtoto. Alieleza kwamba wateja wa viwanja humwamini dalali mwenye gari zuri. Fedha zimetoka wapi, hakueleza. Chausiku alijua alipopanda mlimani Mkuyuni kupeleka habari za mgonjwa, akakuta visiki vya mitiki.

Hilo peke yake angeweza kulimeza. Lakini Idrisa alikuwa amewaambia wanunuzi wa mbao, na kupitia kwao ukoo mzima, kwamba mkewe ameridhia na ndiye aliyemtuma. Mjomba wake Chausiku, mzee Hatibu, ndugu wa mama yake na msimamizi wa ardhi ya ukoo, aliacha kuitikia salamu zake. Nasra naye, akiwa bado kitandani, alimuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Chausiku alisema hapana. Nasra alisema amemwamini, lakini alikuwa ameshauliza.

Chausiku alidai talaka, akaipata. Akahamia chumba cha nyuma ya duka. Kwa miaka miwili alimwona Idrisa akipita barabarani, turubai limekunjwa, miwani ya jua usoni, mkono mmoja nje. Alikuwa akisimamisha cherehani mpaka gari lipotee.

Turubai likachanika. Jua la Morogoro lilikuwa limelikausha, na mvua zinazoshuka kutoka milima ya Uluguru zikamaliza kazi. Idrisa hakuthubutu kuja mwenyewe. Alimtuma Benedikto, fundi wa gereji iliyopakana na duka, aulize kama Chausiku angeshona jingine. Chausiku alimjibu kwamba anashona ya watu wote, la huyo hashoni. Wengine walijaribu, likavuja. Siku moja Benedikto, katika mazungumzo tu, akataja kwamba Idrisa amepata paa gumu kwa muuza spea mmoja wa Dar. Halikutoka kiwanda cha gari hilo, ila limechongwa kwa vipimo vyake, nalo lipo moja tu. Idrisa anaendelea kuahidi, fedha hatumi.

Chausiku aliomba namba ya huyo muuzaji. Benedikto alimpa, akidhani anatafuta soko la vitambaa. Jioni ileile alituma akiba yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya cherehani ya pili.

Masika ilipoanza, gari jekundu lilibaki uani kwa Idrisa limefunikwa nailoni. Viti vikaota ukungu. Wateja walimwona akija viwanjani kwa bodaboda, suruali imeloa hadi magotini. Hatimaye akaja dukani. Chausiku alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

Idrisa alilitazama paa, akasema anajua kalinunua kwa hasira, yeye hana kinyongo, ataje bei.

"Haliuzwi," Chausiku alisema. "Utalipata bure. Nenda Mkuyuni kwa mjomba Hatibu, mwambie nani aliuza mitiki. Nami niwepo."

Idrisa alicheka, akaondoka. Mvua ikanyesha wiki nzima. Akarudi, akasema twende.

Siku ya kwenda Chausiku aliichagua yeye, na alichagua siku ya soko. Alijua jambo ambalo Idrisa alikuwa amelisahau: masikio ya mzee Hatibu yalikuwa yamekwisha. Walimkuta barazani kwake, hatua chache kutoka kwa wauza ndizi na mananasi, amejifunika shuka kwa baridi. Idrisa akapiga goti, akatoa shikamoo, akaanza kwa sauti ya chumbani, akisingizia mara shetani, mara ujana.

Mzee akaweka kiganja sikioni. "Sikusikii, baba. Unasema nani kaiuza?"

Idrisa akarudia kidogo juu zaidi. Mzee akatikisa kichwa. Mwanamke aliyekuwa akipanga mananasi akageuka.

"Mimi," Idrisa alisema, na safari hii ilibidi apaaze. "Mitiki ya mama yake Chausiku niliuza mimi. Yeye hakujua. Nilisema uongo."

Wauza ndizi nao wakageuka. Mzee Hatibu alimgeukia Chausiku na kumwambia aingie ndani, kuna uji. Idrisa hakukaribishwa. Chausiku alikunywa uji ule akilia, na hata machozi yale yalikuwa na utamu wake, kwa sababu Idrisa alikuwa nje, amesimama mbele za watu.

Hapo ingekuwa imetosha. Chausiku mwenyewe husema hivyo siku hizi.

Waliporudi mjini Idrisa alileta gari dukani. Benedikto, ambaye angelifunga paa, alikuwa amekwenda msibani Ngerengere. Walilinyanyua paa wawili, likakaa sawasawa juu ya gari. Idrisa akatafuta vyuma vya kulibana, hakuviona. Vilikuja pamoja na paa, lakini Chausiku alikuwa ameviweka ndani ya droo usiku wa jana yake.

"Vyuma viko wapi?"

"Tulipatana paa," alisema. "Paa ni hilo."

Idrisa akatazama juu. Mlima ulikuwa umeshaingia mawinguni na hakutaka kuomba tena. Akapitisha kamba madirishani, akafunga, akaondoka.

Hakufika kwake. Kabla ya Bigwa upepo ulilinyanyua paa, kamba ikakatika, likaruka na kuanguka mtaroni, likapasuka katikati. Hakuna aliyeumia. Lakini ukingoni mwa mtaro ule alikuwa ameketi mama mmoja akiuza mahindi ya kuchoma, na lilipita karibu naye kiasi cha kumwaga jiko lake.

Watu walimletea Chausiku habari hiyo wakicheka, wakitarajia acheke. Alitaka kucheka. Badala yake akamfikiria yule mama wa mahindi, akakaa chini. Benedikto aliporudi na kuvikuta vyuma dukani, hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye hufunga magari ya watu ili wafike, kisha akaenda zake, na kwa muda mrefu hakumletea mteja.

Chausiku alimtafuta mwenye mahindi, akampelekea jiko jipya, na hakumwambia kwa nini. Idrisa aliliuza gari kwa bei ya kutupa kwa mtu wa Dodoma, ambako mvua ni chache. Siku hizi anatembea Bigwa kwa miguu, na akikutana na Chausiku anavuka barabara.

Nasra amepona. Alikuja mwezi uliopita, akamkuta dada yake anashona, akamuuliza kama sasa moyo umetulia, kama anaweza kumsamehe yule mtu yaishe.

Chausiku alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Kwa yule mama wa mahindi naomba msamaha kila siku," alisema. "Kwa Idrisa, sijafika huko. Nipishe mwanga, mdogo wangu, nimalize kiti hiki."