Mizani ya Idella Stroud

Siku Idella Stroud alipotia saini mkataba wa miaka saba, alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na uzito wa ratili mia na kumi na nne. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kukaa tuli mbele ya wachoraji wa Los Angeles, na uso wake ulibandikwa kwenye masanduku ya machungwa. Bwana Krantz, mwenye kampuni ya filamu huko Hollywood, aliliona sanduku moja sokoni akasema, "Nitafutieni huyu."

Aliyeusoma mkataba ni Orpha, mama yake, mjane aliyetoka naye Nebraska. Naye alisoma mistari ya juu tu. Ya chini ilisema Idella asizidi ratili mia na ishirini, asiolewe, wala asisimame mbele ya kamera ya kampuni nyingine au mchoraji yeyote.

Kampuni ikamletea Bi Hulda, muuguzi wa zamani, alale chumba cha pili, afunge kabati la chakula na kumpima kila Jumatatu.

"Panda, bibie."

"Ni maji tu, Bi Hulda. Nimekunywa maji."

"Maji nayo yana uzito. Vua viatu."

Katika filamu kumi na moja za kimya Idella alifungwa kamba, akatupwa mtoni, akaokolewa. Chakula chake kilikuwa kipande cha nyama ya kondoo na nanasi, asubuhi na jioni. Mwaka wa nne alianguka kweli mbele ya kamera, na mwongozaji akapaza sauti, "Msisimamishe kamera! Leo anazimia vizuri!"

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa Bwana Krantz kuomba aachiliwe. Mzee akacheka.

"Binti yangu, mlango wa kutokea ni mmoja tu. Ukinenepa, nakufukuza."

Idella alilishika neno hilo kama mfa maji. Akamwendea Fausta Arriaga, Mmeksiko aliyeshona mavazi ya waigizaji, ambaye kila siku alikuja kazini na tamale za nyama zilizofungwa kwenye maganda ya mahindi.

"Nikuletee tamale, au nikupanulie gauni?" Fausta aliuliza.

"Vyote viwili, shoga. Na usiwe bahili."

Alikula amesimama nyuma ya nguo zilizotundikwa, huku masikio yakiwa mlangoni. Baada ya miezi miwili mizani ilisoma mia na thelathini na moja. Bi Hulda aliandika tarakimu hizo bila kumtazama usoni.

Bwana Krantz hakumfukuza.

"Nilisema nakufukuza? Ulimi uliteleza. Nakusimamisha kazi. Na siku utakazokaa nje hazihesabiwi. Miaka yako mitatu inakungoja hapahapa."

Idella akapeleka mkataba kwa wakili. Wakili aliusoma mara mbili, akavua miwani na kusema mkataba unamruhusu Krantz. Idella akajaribu kurudi kwa mchoraji wa masanduku, lakini mchoraji alikuwa ameshapata barua ya kampuni, akazungumza naye mlango ukiwa nusu wazi.

"Kula kidogo, mwanangu, urudi kazini," Orpha alimsihi. "Tutaumbuka."

"Nikikonda nimefungwa, nikinenepa nimefungwa. Basi heri nifungwe nimeshiba, Mama."

Alikaa hivyo miaka mitatu na ushei. Wenzake walipata majina, wakaolewa, wakasahau njia ya kwake. Kisha zikaja filamu za sauti, na kampuni ya Krantz ikauzwa. Wanunuzi walipokuta jina lake kwenye makaratasi, waliulizana ni nani. Barua yao ilikuwa na mstari mmoja: hatuna haja nawe.

Alipopanga foleni ya waigizaji wa kujaza umati, kijana wa mlangoni alimuuliza, "Umewahi kuigiza?"

Akataja jina lake.

"Tamka herufi moja moja, mama."

Hakurudi tena pale. Fausta alimpatia kiti katika chumba cha kushonea cha kampuni nyingine, akawa mtu wa kupanua na kubana magauni ya wasichana wengine. Hapo ndipo, miaka baadaye, Fausta alipomwambia kwamba filamu za Krantz zimeyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo.

"Hata ile ya mtoni?"

"Zote, Idella."

Aliinama juu ya mshono akalia, na mwenyewe akashangaa analilia nini.