Pole Zilizomlemea Robi

Joel Nchagwa alivunjika mguu mwezi wa pili, siku ya mwisho ya kupanda mahindi, maksai wake waliposhtushwa na pikipiki na plau ikamwangukia. Hospitali walimfunga hogo la plasta, wakamwambia akae miezi mitatu. Wiki ya kwanza, mkewe Robi aliamini shida yao ni mguu. Wiki ya nne alijua kuwa shida yao ni pole.

Kijijini kwao Kemambo hawamwachi mtu peke yake na matatizo yake. Wanakuja. Wanakuja asubuhi kabla chai haijachemka, wasije wakaikosa. Wanamzunguka mgonjwa, wanautazama mguu kwa muda unaostahili heshima, kisha wanatazama jikoni. Na mgeni aliyekuja kutoa pole haondoki na njaa. Mwanamke akithubutu kumwachia aondoke nayo, atasemwa mpaka mavuno.

Waitara, binamu yake Joel, hakukosa hata siku moja. Alikuwa na huruma nyingi, na tumbo la kuitosha.

"Usikate tamaa, kaka," alisema akivuta bakuli la mboga. "Mimi nilivunjika kidole mwaka ule. Leo sikumbuki hata kilikuwa kipi."

"Cha mkono au cha mguu?"

"Si ndiyo nakwambia? Vumilia."

Mwinjilisti Kisyeri yeye alifundisha kwamba ndani ya kila jaribu kuna baraka iliyofichwa. Robi aliitafuta ghalani. Alikuta magunia mawili. Walianza na saba. Nje, ekari mbili zilingoja palizi, magugu yakiwa yamelingana na mahindi, na mikono pekee iliyobaki ya kushika jembe ilikuwa yake, nayo ilishinda kwenye mwiko. Wiki mbili zaidi za kufarijiwa namna hiyo, wasingekuwa na ghala wala mavuno.

"Baba Gidion," alimwambia mumewe, "kesho unahamia shambani."

"Kwani nimekufa?"

"Bado. Ila nimechoka kupikia msiba huku marehemu anakunywa chai."

Kulipokucha alimkokota Joel hadi pembeni mwa shamba, akamketisha kwenye kiti, mguu juu ya debe, mwavuli juu ya kichwa. Mbele yake alipanga majembe sita aliyoazima kwa majirani. Halafu akaingia kwenye mstari, akaanza kupalilia.

Kila mtu Kemambo anaijua risaga: majirani wanakusanyika shambani kwa mmoja wao, wanalima, kisha wanakula kwake. Anayesimama kando ya risaga mikono nyuma, halafu akanawa kwa ajili ya ugali, hajazaliwa.

"Shemeji," Waitara alisema alipofika, "mgonjwa anawekwa nje kama mahindi?"

"Hewa, shemeji. Ya ndani mmeimaliza. Karibu umfariji, anasikia vizuri hata ukiwa umeinama."

Waitara aliyatazama majembe. Akamtazama Joel, ambaye alikuwa ameanza kufurahia ugonjwa wake kwa mara ya kwanza.

"Mgongo wangu huu..."

"Vumilia, kaka," Joel alimwambia. "Mwakani hutakumbuka hata ulikuuma wapi."

Mwinjilisti Kisyeri alipoyaona majembe kwa mbali alikumbuka ana kikao Bomani. Siku hiyo watu wengi walikuwa na vikao. Wengine walituma salamu kwa simu, jambo ambalo wangeweza kulifanya tangu mwezi wa pili. Kufikia Alhamisi, wafariji ishirini walikuwa wamebaki sita, na katika hao sita watano hawakuwa wamewahi kusema neno lolote kuhusu kukata tamaa. Walipalilia. Wa sita alikuwa Waitara, ambaye alilalamika kila mstari na hakuacha hata mmoja.

Jumamosi mchana magugu ya mwisho yaling'olewa. Robi alisonga ugali mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike hakuutazama kwa uchungu ukimalizika.

Jumatatu Beatrice, mke wa Waitara, alipiga hodi.

"Mwenzangu, bwana wangu amelala. Mgongo umekataa kabisa, hata kugeuka hawezi. Mtamwacha bila kumpa pole?"

Robi aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na jembe begani.

"Twende," alisema. "Shamba lenu limebaki mistari mingapi?"